Kiswahili cha Bwana Pantelis

Kokos alipofunga mkahawa wake hakuaga mtu. Wateja wake walifika asubuhi ya Jumatatu kama walivyozoea, wakakuta pazia la chuma limeshushwa, wakasimama kando ya barabara ya Green Lanes, kaskazini mwa London, na bakora zao, wakitazamana. Mama mwenye duka la mikate la jirani ndiye aliyetoka kuwaambia kwamba Kokos amerudi Saiprasi kwa dada yake, na kwamba pale patakuwa duka la simu. Wazee wale walitikisa vichwa, wakayalaumu magoti ya Kokos, wakailaumu baridi, kisha kila mmoja akashika njia yake. Walikuwa wamecheza tavli pamoja miaka na miaka, mchezo ule wa dadu na kete, lakini hawakuwahi kualikana nyumbani. Urafiki wao ulikuwa wa mkahawani, na mkahawa ulipokwisha, nao ukaisha.

Pantelis Vamvakas alikuwa mmoja wao. Alikuwa amevuka miaka themanini, mrefu, mkavu, na mpaka leo alinyoa ndevu kila asubuhi ingawa hakuna aliyemkaribia kiasi cha kuona kama amenyoa au la. Mkewe, Androulla, alikuwa amefariki mwaka juzi. Binti yao wa pekee, Xenia, alihama zamani kwenda Hertfordshire, kwenye nyumba kubwa yenye bustani mbele na nyuma, na kila alipopiga simu alimwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba chumba chake kiko tayari, aseme tu.

Wengi walikuwa wamefanya kama Xenia. Enzi zile mtaa wao wa Palmers Green ulikuwa na Wagiriki kila mlango. Wakili Mgiriki, daktari wa meno Mgiriki, muuza samaki Mgiriki, hata mzikaji alikuwa Mgiriki. Mtu angeweza kuoa, kulea na kufa pale bila kulazimika kumaliza sentensi moja ya Kiingereza. Karibu wote walitoka kisiwani Saiprasi, wengine wakifuata kazi za viwanda vya nguo, wengine wakikimbia vita. Sasa watoto wao walikuwa wameondoka, na waliobaki walionekana kanisani Jumapili, wakipungua kama meno.

Lakini hata enzi zile, Pantelis hakuwa wa kwao hasa. Hakuzaliwa Saiprasi. Alizaliwa Korogwe, kwenye shamba la mkonge, baba yake akiwa fundi wa mtambo wa korona, ule unaokwangua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Alifika London akiwa kijana, baada ya mashamba kutaifishwa na baba yake kurudi Ugiriki kufa kwa huzuni. Akapata kazi ya kupiga pasi za mvuke kiwandani kwa mjomba wake Androulla, na mambo mengine yakafuata. Mtaani walimpa jina siku ya kwanza na halikumtoka tena: Afrikanos, yaani Mwafrika. Walimpenda, lakini walimpenda kama mgeni. Walipoanza kuzungumza habari za vijiji vyao, kisima fulani, padri fulani, mlozi fulani uliokuwa nyuma ya shule, yeye alinyamaza akakoroga kahawa yake. Vijiji vyao havikuwa na kitu chake hata kimoja, na Korogwe haikuwa na kitu chao.

Siri yake, ambayo hata Androulla aliijua nusu tu, ni kwamba alikuwa akiota kwa Kiswahili. Si kila siku. Lakini zilipokuja, ndoto zile zilikuja na maneno yake kamili, na alipoamka alibaki na neno moja mdomoni, "kikaango", au "subiri", au "nyoka", akalizungushazungusha ulimini hadi chai ichemke. Hakuwa na wa kumwambia. Neno lilikaa, likapoa, likaondoka.

Mwezi ule mkahawa ulipofungwa, alijikuta amekaa siku nzima bila kufungua kinywa. Alianza kwenda dukani mara mbili, asubuhi kununua mkate na mchana kununua limau, ili tu asalimiwe kalimera na mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, akipogoa mzabibu wake nyuma ya nyumba, ndipo aliposikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya ua. Kule aliishi bibi mmoja wa Kisaiprasi, Maroulla, aliyekuwa hajiwezi, na wahudumu walimjia asubuhi na jioni kumwogesha na kumlisha. Wahudumu walibadilika kila wiki, na Pantelis alikuwa ameacha kuwatazama. Huyu alikuwa amesimama karibu na mapipa ya taka, simu sikioni, akilalamika.

"Usiniambie hivyo bwana," alikuwa akisema. "Mimi nimechoka, na hakuna mtu ananiuliza kama nimekula."

Mkasi ulimtoka Pantelis mkononi. Alishika ua kwa mikono miwili, na kabla hajafikiri alikwisha kusema:

"Mama, unatoka wapi?"

Yule mwanamke aligeuka. Alimtafuta Mwafrika aliyesema maneno yale, akatazama mlangoni, akatazama juu dirishani, mwisho macho yake yakamwangukia mzungu mzee mwenye vipande vya majani kwenye nywele.

"Ni wewe umeongea?"

"Ni mimi. Nimezaliwa Korogwe."

Alimwambia mtu wa simu kwamba atampigia baadaye. Akasogea kwenye ua, akamtazama vizuri, kisha akaanza kucheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya. Jina lake lilikuwa Dinah, mtu wa Kitale, Kenya. Miaka tisa London, alisema, na hajawahi kuona kitu kama hiki. Akamwambia aseme tena.

Tangu siku ile Pantelis akawa na saa ya kungojea. Dinah alikuwa na dakika chache kati ya mzee mmoja na mwingine, maana kampuni yake ilimpanga vibaya, na dakika zile alizitumia uani. Alimsimulia habari za dada yake asiyeshiba kusaidiwa, na za mabasi, na za Maroulla aliyekuwa akimpiga vikofi na kumbusu siku hiyohiyo. Pantelis hakuelewa kila kitu. Kiswahili cha Dinah kilikuwa cha haraka, kimechanganywa na Kiingereza, na kina maneno ambayo Korogwe hayakuwahi kufika. Naye Dinah alikicheka cha kwake, akisema ni kama kusikia redio ya babu yake. Lakini walielewana. Akirudi ndani Pantelis alikuta uso wake umechoka, kama mguu uliotembea baada ya kukaa kitandani muda mrefu.

Ni Dinah aliyemwambia habari za Tottenham. Kuna ukumbi nyuma ya kanisa moja huko, alisema, ambapo kila Jumapili alasiri kunafanyika ibada ya Kiswahili. Wakenya, Watanzania, Wakongo, wote wanakuja, na baadaye kuna chai na maandazi. Aje naye.

Alivaa suti aliyoivaa kwenye mazishi ya Androulla kwa sababu hakuwa na nyingine iliyomtosha. Wakapanda basi hadi Turnpike Lane, wakabadilisha, wakafika. Ibada ilikuwa ndefu, na yeye, Mwothodoksi, hakujua lini akae na lini asimame, lakini nyimbo zilimwingia. Zilikuwa na maneno aliyoyajua. Alijikuta analia bila sauti, na mwanamke mmoja mnene kutoka Uvira, Kongo, Annonciata, aliyekuwa akisimamia chai, alimpitishia karatasi ya kujifutia bila kumwuliza neno.

Baada ya ibada watu walimzunguka. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mzungu wa Korogwe, na kila mmoja alitaka kumsikia. Binti mmoja wa Dodoma alimwinamia kidogo, akasema, "Shikamoo, babu."

"Jambo," alijibu Pantelis.

Watu walicheka, yule binti naye akacheka, akadhani babu anatania. Pantelis aliona kuna kitu amekosea lakini wakati ule hakutambua ni nini. Furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alizungumza na kila aliyekuwa mbele yake. Alimwambia Annonciata, "Lete chai," akamwambia kijana aliyekuwa karibu, "Weka kiti hapa, upesi," na Kiswahili kilimtoka chenyewe, chepesi, kama maji ya bomba lililozibuliwa. Kisha akaketi kando ya mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya pembeni na kofia yake magotini, akamwuliza:

"Na wewe? Unatoka wapi wewe?"

Mzee yule alimjibu. Alikuwa mkubwa kuliko Pantelis, macho yake yameingia weupe pembeni. Jina lake lilikuwa Elkana, Mha wa Kasulu, alikuja London kwa mwanawe baada ya kustaafu kazi ya reli. Lakini hakuzaliwa Kasulu. Baba yake alichukuliwa kwenda kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, na Elkana alizaliwa kambini, upande wa Kilosa. Alikua humo.

Pantelis alifurahi sana. Alimwambia baba yake alikuwa fundi wa korona, akamwuliza kama anakumbuka ile harufu ya majimaji ya mkonge, na kama kambini kwao walikuwa na ngoma Jumamosi. Akaendelea hivyo. Elkana alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, polepole, bila hasira:

"Nimekusikiliza tangu ulipoingia. Unaongea kama mtoto, halafu ghafla unaongea kama msimamizi. Katikati hapana mtu."

Akavaa kofia yake, akainuka, akaenda kutafuta koti.

Njia nzima ya kurudi Dinah alijaribu kumtuliza. Alisema wazee wengine wana roho ngumu, asimjali. Pantelis alijibu hapana, si kitu, amechoka tu. Lakini maneno yale yalikuwa yamemwingia na yakakaa. Alipofika nyumbani alivua suti, akaketi jikoni, akaanza kuyachunguza kama fundi anavyochunguza mashine iliyomkatalia.

Ilikuwa kweli. Kiswahili cha kwanza alikipata kwa yaya wake, Mama Zaina, na kwa watoto wa pale shambani, na kilikuwa na maembe na nyoka na nani kamsukuma nani. Alipofika umri wa shule akapelekwa shule ya Wagiriki Arusha, na huko lugha ikawa ya kwao. Aliporudi alikuwa kijana wa kumsaidia baba yake kiwandani, na Kiswahili cha pili kilikuwa cha vuta, beba, simamisha, washa, nani kachelewa. Hakuwahi kuwa mtu mzima kwa Kiswahili. Hakuwahi kumbembeleza mwanamke kwa lugha ile, wala kumpa pole mfiwa, wala kumwomba mtu msamaha. Na "shikamoo" alikuwa ameisikia maisha yake yote ya utoto, ikipita baina ya watu wengine, kama mtu anavyosikia wimbo wa nyumba ya jirani. Jibu lake alilijua vilevile. Ila halikuwahi kutoka kinywani mwake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwamkia hivyo, na yeye hakuwahi kumwamkia yeyote.

Hakwenda Tottenham Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Mwezi Mei Maroulla akaanguka bafuni, wakampeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee, na Dinah akapangiwa wazee wa upande mwingine wa mji, Queensbury. Alikuja uani kuaga, akampa Pantelis namba yake, akamwambia asiwe mtoro. Pantelis alimpigia mara moja tu. Dinah alikuwa kwenye basi na hakusikia vizuri. Pantelis hakutaka kumsumbua tena.

Nyumba ya Maroulla ikawekewa ubao wa kuuzwa. Nyasi zikaota. Sasa hata kelele za redio yake zilizokuwa zikipenya ukutani hazikuwepo. Xenia alikuja Jumamosi moja na mumewe, wakatazama dari, wakatazama ngazi, wakazungumza kwa sauti ya chini bustanini kana kwamba Pantelis ni mgonjwa. Alimwambia baba yake kwamba hapa hakuna mtu tena. Alimwambia kwa upole, na hakuwa amekosea.

Walipoondoka, Pantelis alijisikia kama mtu aliyeambiwa achukue koti lake. Alikaa mpaka asubuhi ya Jumapili na wazo moja, na baada ya chakula cha mchana akapanda basi peke yake.

Aliketi ghorofa ya juu, mbele, na kwa kuwa hakukuwa na mtu karibu alifanya mazoezi kwa sauti. Tafadhali. Naomba. Samahani nakusumbua. Yalikuwa maneno madogo lakini ulimi uliyagomea, ukataka kuyafupisha. Alipofika ukumbini alimwendea Annonciata, akasimama mbele ya meza yake ya chai, akasema, "Naomba chai, tafadhali, mama." Annonciata alimmiminia, akamwongezea andazi ambalo hakuliomba.

Elkana hakuwepo. Miguu imemvimba, Annonciata alisema, siku hizi hatoki. Akamwelekeza nyumba: majengo yale ya halmashauri nyuma ya soko, mlango wa pili, ghorofa ya juu kabisa, na lifti haiaminiki. Siku ile haikuaminika kweli. Pantelis alipanda ngazi akipumzika kila kona, akisikia redio na harufu za vitunguu vya nyumba za watu, mpaka akafika mlango wenye pazia la kitambaa cha maua.

"Hodi," alisema.

"Karibu," ilijibu sauti ya ndani, bila kuuliza ni nani.

Elkana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mto, miguu juu ya stuli, amefunikwa blanketi. Alimwona aliyeingia na uso wake haukubadilika. Pantelis alikuwa amepanga maneno mengi ndani ya basi, mazuri, yenye mpangilio, na yote yakamkimbia. Likabaki moja.

"Shikamoo," alisema.

Chini huko basi lilipiga breki. Elkana alimtazama yule mzungu mzee anayehema mlangoni, mkono mmoja ukutani, na Pantelis akaona kwamba mwenzake anafikiri, kwamba jibu si la bure, na kwamba anaweza kurudishwa kwenye zile ngazi bila kupewa.

"Marahaba," alisema Elkana hatimaye. "Vua viatu. Zulia ni la mkwe wangu na ni jipya."

Alivua viatu, akaketi. Walikaa hivyo. Elkana alimwuliza kama ana mke. Pantelis alisema mke wake amekufa, mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja. Elkana akampa pole, akasema wa kwake pia, zamani kidogo. Pantelis akataka kuendelea. Akasema, "Sasa nyumba ni ile ile, lakini mimi," na hapo akakwama. Kwa Kigiriki neno lilikuwepo. Kwa Kiingereza lilikuwepo, Xenia alilitumia kila mara. Alilitafuta kwa Kiswahili huku na huku, kwa Mama Zaina, kiwandani, kwa watoto wa shambani, na hakuna aliyekuwa nalo. Alifungua viganja vyake, akavionyesha, vitupu.

Elkana alielewa. "Mpweke," alisema.

"Mpweke."

"Unasema: nimebaki mpweke."

"Nimebaki mpweke," alisema Pantelis.

"Basi hivyo ndivyo inavyosemwa," alisema Elkana. Akaomba apewe miwani yake, iko pale juu ya televisheni.

Tangu hapo Pantelis akawa anakwenda Tottenham kila Jumatano, siku ambayo mwana wa Elkana na mkewe walikuwa kazini na wajukuu shuleni. Alichukua mkate wa ufuta na zeituni, na Elkana alizitema zeituni mpaka akazizoea. Walizungumza. Hawakukubaliana mengi. Pantelis aliposema baba yake aliwapenda watu wake, Elkana aliuliza watu wake akina nani, aliwanunua wapi, na wakanuniana saa nzima, kila mmoja akitazama dirisha. Mara nyingine Pantelis alisahau, akasema "lete", na Elkana akajifanya kiziwi mpaka arudie. Alimfundisha namna ya kumpa pole mfiwa, namna ya kukataa bila kumkwaza mtu, namna ya kuaga. Wajukuu waliporudi mapema walimkuta mzungu anazungumza na babu yao lugha ambayo wao waliisikia na hawakuijibu. Walisema "hi" na kupita na simu zao. Elkana alikuwa akiwasemesha, nao wakamjibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa. Pantelis aliona uso wa mwenzake kila mara jambo lile lilipotokea, na alijua sura ile. Alikuwa nayo yeye mwenyewe kwenye simu za Xenia.

Mwezi Julai, miguu ilipopata nafuu, Elkana alikuja Palmers Green kwa teksi. Walipita dukani kununua mkate, akina mama wakamtazama, na Pantelis akawaambia kwa Kigiriki kwamba ni rafiki yake kutoka nyumbani. Wakala chini ya mzabibu. Pantelis alikuwa amepika majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali na nyama, kwa namna ya Androulla, na hayakufungika vizuri. Elkana alifungua moja, akalichungulia, akasema huyu aliyekunja mboga hivi alikuwa na siku nyingi za kupoteza, kisha akala sahani nzima. Alasiri ile Elkana alisinzia kitini, mdomo wazi, na Pantelis hakufanya lolote, alikaa tu akimfukuzia nyigu.

Ni siku ile, alipoamka, Elkana alimwambia kwamba anarudi Kasulu. Mwanawe amekubali. Kuna nyumba aliyoijenga akiwa reli, kuna mpwa wa kumtunza. Hataki kuzikwa kwenye udongo wa baridi. Alisema hayo akiangalia mikono yake. Pantelis alisema ni vizuri, ni jambo la heri, akaenda jikoni kutafuta maji na akachelewa kurudi.

"Na wewe?" aliuliza Elkana mwenzake aliporudi. "Wa kwenu wako wapi?"

Pantelis alifikiri kwa haki. Korogwe hakuna aliyemjua. Ugiriki alikwenda mara mbili maishani, na mara zote mbili dereva wa teksi alimwuliza ni mtu wa wapi. "Androulla yuko hapa," alisema. "Makaburini, karibu na barabara kubwa."

"Basi ni hapa," alisema Elkana.

Aliondoka mwezi Septemba. Pantelis hakwenda uwanja wa ndege, kwa kuwa gari lilijaa familia na mizigo. Walikuwa wameagana Jumatano kwa namna aliyofundishwa, bila haraka, na kila mmoja akamtakia mwenzake safari njema ingawa msafiri alikuwa mmoja. Wiki ileile alimpigia Xenia akamwambia haji kwenye kile chumba, angalau si sasa. Xenia aliuliza kwa nini, ana nini pale. Hakuwa na jibu ambalo lingesikika vizuri kwa Kiingereza. Alisema tu kwamba amezoea.

Elkana alikuwa akipiga simu kila Jumatano. Sauti ilikuja na kuondoka, nyuma yake kuku, nyuma yake mvua juu ya bati. Mwanzoni alikuwa na furaha, alisimulia jinsi watu walivyojaa uani kumpokea. Kisha simu zikawa fupi, halafu zikawa ndefu sana. Rika lake lote limekufa, alisema. Vijana wanamheshimu, wanamletea maji ya kuoga, na wakiketi naye hawana la kusema. Juzi alitaka kumsimulia mtu habari ya ile lifti, na ya yule mwanamke wa soko la Tottenham aliyekuwa akiuza ndizi kwa matusi, akatazama huku na huku, hakuona wa kumwambia ambaye angecheka.

"Niambie mimi," alisema Pantelis.

Elkana akamsimulia. Wakacheka wote wawili, mmoja jikoni na taa zimewashwa saa kumi ya mchana kwa ajili ya giza la Novemba, mwingine huko kwenye mvua, mpaka simu ikakatika.

Baada ya Krismasi ikapita Jumatano moja bila simu, na ya pili. Ya tatu Pantelis alipiga mwenyewe. Iliita sana. Akapokea mwanamke, akasema maneno ya Kiha ambayo hakuyaelewa, kisha, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa kimya, akahamia Kiswahili. Mzee amelala, alisema. Hali yake si mbaya, si nzuri. Anakula kidogo. Nani anapiga?

Pantelis alimtajia jina lake. Mwanamke alijaribu kulirudia, likamshinda, akacheka kwa aibu, akaomba alitaje tena. Alilitaja tena, polepole, na akaona kwamba halitafika. Litaanguka mahali fulani kati ya simu na kitanda cha mzee.

"Samahani," alisema mwanamke. "Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni mdogo wake."

"Mdogo wake yupi?"

"Wa London," alisema Pantelis. "Mwambie nimemwamkia."

Yule mwanamke alisema atamwambia akiamka. Akaaga, na Pantelis akaaga. Aliweka simu mezani, akakata kipande cha mkate, akakaa upande wa dirisha. Nje, kwa Maroulla, watu wapya walikuwa wanashusha vitu kwenye gari, mume na mke, wakigombana kwa lugha asiyoijua, na aliwasikiliza mpaka walipoingia ndani na kufunga mlango.